Kiota Kilichobaki Wazi

Jumamosi, Julai.

Baridi. Tangu asubuhi jua halijaonekana hapa mtaani Jericho, Nairobi, na manyunyu haya yasiyo mvua wala ukungu yamelowesha tena nguo nilizoanika juzi. Nimewasha jiko la makaa ndani na dirisha nimeliacha wazi kidogo nisije nikafa kwa moshi, maana msiba mmoja unatosha. Wifi yangu Jerida alikuja leo akaniambia jambo, na nikilala nalo bila kuliandika litaniozea tumboni.

Acha nianze mwanzo, nisije nikalia kabla ya kumaliza.

Mume wangu Zablon alifariki mwezi wa tano. Alikuwa gadi wa treni za mizigo. Walifika Voi jioni, akala akashiba, akalala katika nyumba ya kupumzikia wafanyakazi wa reli, na asubuhi hakuamka. Ni moyo, walisema. Mtu aliyepanda ngazi za behewa kama kijana wa miaka ishirini! Jina lake lilisomwa redioni saa ya matangazo ya vifo. Nikasikia "mume wa Wairimu wa Jericho", nikawa bado nafikiri kuna Wairimu mwingine, maskini, amefiwa. Tulimzika kwao Maragoli.

Hayo kila mtu anayajua. Wasiyoyajua ni ya kidani.

Kazi yangu sijawahi kuipatia jina. Baba yangu alikuwa mhunzi kule Murang'a, na kwa kuwa wanawe wa kiume waliogopa moto, nyundo alinipa mimi. Yeye alifua mapanga na majembe. Mimi nafua vitu vya kuvaliwa. Naokota shaba nyekundu ya mota zilizoungua, shaba ya manjano ya mabomba mabovu, mabati na vyuma kutoka soko la Gikomba, na mara nyingine jaani Dandora. Napiga mpaka vinakuwa bamba jembamba, nakunja bamba likae mabegani, lizunguke shingo, lishuke kifuani. Humo napachika vitu ambavyo hakuna binadamu aliyevitengeneza: mbegu, mawe, mifupa, miiba ya nungunungu. Mama mmoja mwenye duka mjini huziita sanamu za kuvaa. Vijana wa hapa nje wana jina lao. "Mathe, hiyo ni mkufu ama ni geti?" Mchungaji naye alinieleza kwa upole kwamba sanamu ni dhambi, na mapambo vilevile ni dhambi. Kwa hiyo katika ushirika mzima ni mimi peke yangu niliyefaulu kupata dhambi mbili kwa kazi moja.

Zablon nilipomsimulia hayo alicheka mpaka akakaa sakafuni.

Yeye ndiye aliyekuwa akiniletea vya kupachika. Mhunzi yeyote mwenye akili timamu hupata jiwe kwanza, ndipo akalijengea mahali pa kukaa. Sisi tulifanya kinyume. Ulikuwa utani wa siku zile tulipokuwa wapya katika ndoa. Alijigamba kwamba kati ya Kisumu na Mombasa Mungu ameumba kila umbo, na hakuna tundu ninaloweza kulitengeneza yeye akakosa cha kulijaza. Nikamwambia, haya, tutaona. Nikatengeneza kiota, ndivyo tulivyokiita. Viota vyangu havina kitako, viko wazi nyuma, ili kile kitakachokaa humo kiguse ngozi ya mvaaji. Kisha nikapinda waya wa shaba ukawa umbo lile lile la mdomo wa kiota, nikautia mfukoni mwa koti lake la kazi.

Basi. Ikawa ndiyo maisha yetu. Treni iliposimama porini kungoja nyingine ipite, wenzake walivuta sigara, naye alikuwa ameinama kando ya reli na waya wake, anajaribisha kokoto. Sheria yetu ilikuwa moja tu: hakuna kuchonga wala kupiga tupa. Kitu kiingie kama Mungu alivyokiacha. Na viliingia! Mbegu za mkoma kutoka Mtito Andei. Jiwe jeusi la Naivasha linalong'aa kama kioo. Pingili ya uti wa mgongo wa mbuta, samaki aliyemla mwenyewe Kisumu, kisha akaja kuiosha pingili hiyo kwa sabuni yangu ya kuogea nikagomba siku nzima.

Akipata kitu kinachoingia, alikifunga pamoja na waya wake ndani ya kipande cha bendera ya reli iliyochakaa, akapiga fundo. Akifika nyumbani alikiweka mezani kabla hata ya kuvua viatu, akasimama pale na uso wa mtu aliyeshiba. Kufungua kulikuwa kazi yangu. Hakuwahi kunidokezea ni nini, hata nimbembeleze vipi.

Bendera yenyewe ilikuwa nyekundu. Kumbe hilo nilipaswa kulifikiria, nami sikuwahi.

Kidani cha mwisho kilikuwa changu. Baba alinifundisha kwamba mhunzi havai kazi yake, kama mpishi asivyojipakulia kwanza, na tangu nianze sijawahi kuvaa hata pete niliyoifua mwenyewe. Zablon alichoshwa na hayo. Mwaka jana alinipima shingo kwa kamba ya kiatu chake akasema, hiki hakiendi dukani. Nikakifua taratibu, na viota vyake vyote vikajaa isipokuwa kimoja, cha katikati, kile kinachokaa kwenye shimo la koo. Hicho nilikitengeneza kwa ukorofi. Upande mmoja kimerefuka, upande wa pili kimebonyea, kama sikio lililolaliwa vibaya. Alirudi safari baada ya safari mikono mitupu. "Wairimu, hapa umenitega," alisema, akikuna kichwa, nami nikapika chapati kwa furaha.

Kisha akaenda Voi.

Otieno, dereva wa treni ile, aliniambia kwenye matanga kwamba jioni hiyo Zablon alitoka kutembea akarudi akipiga mbinja. Akamwambia, "Leo yule mwanamke nimemweza." Otieno alidhani ni mambo ya chumbani, akaona haya kuuliza.

Kwa hiyo nilijua alikipata. Nilijua kiko mfukoni mwa koti, na koti lilisafiri na mwili hadi Maragoli, na huko likabaki pamoja na nguo zake nyingine mpaka wazee waamue nani apewe nini. Nilirudi Jericho nikangoja koti. Nitasema ukweli hapa kwa sababu hakuna anayesoma: nililingoja koti lile kama vile yeye mwenyewe ndiye anarudi ndani yake. Nikifagia, nasikiliza mlango. Niliacha hata kugusa nyundo.

Kulikuwa na jambo jingine pale Maragoli ambalo sikulielewa. Mama mkwe hakunipa mkono. Nilipokaa karibu na jeneza alivuta kiti chake akakisogeza kando. Chai niliyoipika mimi ilipoa vikombeni, akina mama wakaiangalia tu, na sufuria niliyoosha mimi ikaoshwa tena. Nilijiambia ni uchungu, na mwenye kufiwa na mwana hadaiwi adabu. Lakini ni yule Mama aliyenifundisha kupika mboga ya mrenda nikiwa bibi harusi nisiyejua neno la lugha yao, akanicheka, akanipenda, akaniita binti yake mbele ya wakwe wengine. Niliumia. Nilirudi Nairobi na maumivu mawili, nikawa sijui lipi linalia.

Leo Jerida alileta koti.

Jerida ni dada yake Zablon, anayemfuata mgongoni. Anakaa Kaloleni, anaimba kwaya, ni mtu asiyeweza kumfukuza hata kuku wa jirani. Aliingia na koti limekunjwa ndani ya gunia safi la unga. Sikumsalimia. Nisamehewe, sikumwambia hata karibu. Nililitwaa koti nikatia mikono mifukoni, nje, ndani, mpaka kwenye kitambaa cha ndani kilichotoboka.

Palikuwa na tikiti moja na makombo ya mkate.

Jerida akaanza kulia kabla sijamuuliza. "Wifi, mimi nimechoka kubeba hii maneno. Nilikuwa nafikiria unajua. Saa hii naona kumbe hujui."

Nikamkalisha. Nikampa chai, naye akaishika bila kuinywa, kisha akasema. Walipokuwa wakimbadilisha marehemu nguo, Mama alitia mkono mfukoni mwa koti akatoa kitambaa chekundu kimefungwa fundo, na waya wa shaba umechomoza, umepindwapindwa. Wanawake wote waliokuwa chumbani waliona. Mama akakitikisa.

"Ilikuwa inalia, wifi. Kitu ndani inagonga, ko, ko, ko. Na ilikuwa nyepesi, ni kama hakuna kitu. Mama akaitupa chini. Akasema, huyu ni binti ya mhunzi, amefunga mtoto wangu na waya."

Amefunga mtoto wangu.

Wakaita akina mama wa maombi, wakakemea mpaka sauti zikakauka. Halafu Mama akakiokota kwa kijiti akaenda kukitupa chooni.

Nikamuuliza Jerida, mlipokifungua mliona nini? Akaniangalia kama niliyepotewa na akili.

"Kufungua? Nani angefungua?"

Nilicheka. Mungu ananijua, nilicheka kwa sauti mpaka jirani akagonga ukuta. Mume wangu ametembea reli nzima akitafuta umbo la ukorofi wangu, amelipata siku ya mwisho ya uhai wake, amelifunga kwa mkono wake ili nilifungue mimi, na limezama katika choo cha mamaye baada ya kukemewa na akina mama wa maombi. Hakuna mtu hai anayejua lilikuwa nini. Otieno hakuuliza. Wao hawakufungua. Aliyejua yuko chini ya migomba kule Maragoli.

Baada ya kicheko ilikuja hasira, na hiyo lazima niiandike pia.

Kwetu inajulikana kwamba laana ya mhunzi haina dawa. Mhunzi aliyedhulumiwa hugonga fuawe tupu, pasipo chuma juu yake, huku akitaja jina la mtu. Baba hakuwahi kufanya hivyo maishani mwake, na alituambia atakayefanya si wake. Lakini nilijikuta nimesimama karibu na fuawe langu pale penye dirisha, nyundo mkononi, na sikumbuki kuiokota. Jina la Mama lilikuwa kwenye ulimi. Nilitaka. Siandiki kwamba nilijaribiwa, naandika kwamba nilitaka.

Kisha nikaona macho ya Jerida. Hayakuwa kwangu, yalikuwa kwenye nyundo, na yeye alikuwa ameshainuka na mgongo wake umegusa mlango. Wifi yangu, aliyenibebea mwanangu Ruthi mgongoni nikiwa mgonjwa wa uzazi. Alikuwa akiniogopa kama wanavyoniogopa wote kule. Nikaelewa kwamba nikigonga mara moja tu, nitakuwa ndiye yule wanayemsema, na Zablon atakuwa alioa mchawi tangu siku ya kwanza, na vile vicheko vyetu vyote vitakuwa dawa za mganga.

Nikaweka waya juu ya fuawe.

Kipande cha shaba kilichobaki mezani. Nikagonga, nikapinda, nikagonga. Sikuhitaji kutazama kiota, mkono unalijua umbo lile. Nilipomwonyesha Jerida alipiga kelele. "Ndiyo hii! Wifi, ndiyo hii hii!"

Nikavuta kasha chini ya kitanda nikatoa kidani, nikakilaza juu ya meza, nikauweka ule waya kwenye kiota cha katikati. Ukakaa sawasawa, mdomo kwa mdomo. Nikamwonyesha na vingine, mbegu ya mkoma, jiwe jeusi, pingili ya mbuta, nikimtajia kila kimoja kilitoka kituo gani na kaka yake alisema nini siku alipokileta. Nikamwonyesha vile vitambaa vyekundu vyote, nimevitunza, nafutia shaba navyo. Kidole chake kikatoka kiota hiki kwenda kile.

"Kwa hivyo ilikuwa zawadi yako," akasema.

"Ilikuwa mchezo," nikamjibu. Na hapo ndipo na mimi nilipolia, kwa sababu zawadi mtu huweza kununua nyingine.

Tulilia mpaka makaa yakageuka majivu. Jerida ndiye aliyesema nikivae. Nikamwambia mhunzi havai kazi yake. Akasema, "Wacha hiyo. Si alikupimia yeye?" Akanifungia kishikizo nyuma ya shingo kwa vidole vyake baridi. Kilikuwa kizito kuliko nilivyofikiri, mimi niliyekifua. Kilikaa mabegani kama vile kimekuwepo siku zote. Kamba ya kiatu haikukosea hata kidogo.

Jerida akarudi nyuma kunitazama. Kisha akasogea, akanyoosha kidole, akakitia kwenye kile kiota kitupu kilicho kooni, akakiacha hapo.

"Wifi," akasema polepole, "hapa kwa shimo panapiga."

Sikuwa nimelijua hilo. Nimetengeneza vidani miaka yote hii bila kuvaa hata kimoja, nami sikujua kwamba kiota kikiwa wazi pale kooni, mtu anaweza kuona moyo wa mvaaji ukigonga.

Tumeshauriana hivi. Jerida atatangulia Maragoli kumwambia Mama kwamba nakuja. Hatamweleza kitu, maana maneno yakishafika kabla ya mtu huwa yamegeuka njiani. Nitakwenda nimekivaa kidani hiki chini ya leso, na vile vitambaa vyekundu vyote mkobani. Nitapiga magoti mbele yake kama mkwe anavyopaswa. Nitamwomba kitu kimoja tu, atie kidole chake pale alipotia binti yake. Kama kuna uchawi atausikia. Na kama kuna mwanamke tu, aliyempenda mwanawe kwa utani na nyundo, atamsikia huyo.

Na akikataa kunigusa? Nimejiuliza hilo jioni yote. Anaweza kukataa. Ana umri, ana uchungu, na ameshajiaminisha. Nikimwambia alichokitupa kilikuwa nini kwangu, nitakuwa nimemfanya afiwe na mtoto wake mara ya pili, maana hataweza tena kulala akijua. Sijui kama nina haki hiyo. Lakini siwezi kuzeeka nikiwa muuaji wa Zablon kwenye kinywa cha mtu aliyenifundisha mrenda. Nitakwenda.

Jerida ameondoka kabla giza halijaingia. Kaloleni si mbali, lakini baridi hii. Alitaka kuuchukua ule waya, nikampa, akatafuta cha kuufungia. Nikamwambia, tafadhali, kitambaa chochote isipokuwa chekundu. Tulicheka kicheko cha kweli, mara ya kwanza tangu mwezi wa tano.

Sasa niko peke yangu na koti. Nimelitundika kwenye msumari wake.

Nimemwaga kitandani ule mkebe wake wa mafuta ya Kimbo alimoweka vitu vilivyoshindwa, vile ambavyo havikuingia kiota chochote lakini hakuwa na moyo wa kuvitupa. Vingi sana. Nimekaa nikivitikisa kimoja kimoja karibu na sikio. Kitu chepesi, kinacholia ko, ko, ko, kilichorefuka upande mmoja na kubonyea upande wa pili. Ganda la konokono lililoingiwa na kokoto? Tunda lililokauka na mbegu yake ikabaki ndani? Kuna miti Voi sijawahi kuiona. Mbegu hizi zote zimejaa, mawe ni mawe. Nimefika chini ya mkebe na hakuna kinacholia.

Bado nimevaa kidani. Nimeweka kidole pale katikati, na ngozi imepata joto.

Baba Ruthi, ulikuwa umeniletea nini?